Mteja wa Kwanza Aliuliza Maji ya Moto

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa misumari dukani kabla hujalisoma, nakusimulia kwa ufupi. Mimi ndiye yule mwanamke aliyeacha kazi ya kuchapa barua za mwalimu mkuu, miaka kumi na tisa, ili afungue spa. Spa yenyewe iko kwenye nyumba ya marehemu baba. Nyumba ni yetu wawili, mimi na kaka yangu, na kaka yangu ana matairi.

Matairi ndiyo biashara yake. Anayo chakavu, anayo nusu chakavu, na anayo yale anayoapa kwamba ni mapya. Anataka nyumba iwe ghala. Mimi nataka watu waingie asubuhi wamekunjamana na watoke jioni wamenyooka, wananukia waridi. Tukagombana hadi shangazi, dada wa marehemu, akatukalisha chini. Kaka, ambaye tangu utotoni tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hajawahi kuona kikao asikae mbele, akatoa masharti.

Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, nipate mteja mmoja. Asiwe ndugu, asiwe jirani, asiwe mtu ninayemfahamu. Aingie kwa miguu yake, ahudumiwe, atoke ameridhika. Na kibali cha afya kiwepo. Kikikosekana kimoja, matairi yanahamia.

Kibali nilikuwa nimekiomba mara mbili. Nilijibiwa kwamba mkaguzi atakuja siku yoyote, bila taarifa. Kwa hiyo nilipanga kumwambia kaka kwamba kibali kiko njiani. Vibali vingi duniani viko njiani na watu wanafanya kazi.

Tatizo lilikuwa mteja. Niliwaacha siku ya Ijumaa, saa kumi alasiri, bila mteja hata wa dawa, nikiwa na simu sikioni. Upande wa pili alikuwa rafiki yangu mshonaji. Sasa nawaambia aliyoyasema, na nawaomba msinitukane kabla sijamaliza.

"Mteja nitakupa," akasema.

"Wa kweli?"

"Wewe unataka wa kweli au unataka wa kesho?"

Nikamwambia nataka wa kesho.

Ana binamu yake, mwigizaji wa redio. Ndiye yule mama mkwe mkorofi wa mchezo wa saa tisa, anayewatesa wakwe zake kila siku isipokuwa Jumapili. Sauti yake inajulikana mji mzima. Uso wake haujulikani na mtu, maana nani anaona uso wa redio?

"Analia kwa oda," mshonaji akasema. "Ukitaka acheke, anacheka. Ukitaka azimie, mpe tu mahali pasafi pa kuangukia."

"Nitamtambuaje?"

"Atabeba mkoba wa kahawia."

"Nusu ya wanawake wa mji huu wana mkoba wa kahawia!"

Akafikiri. Nikasikia cherehani ikilia kidogo, ikanyamaza.

"Basi atauliza swali. Atauliza, mna maji ya moto? Mteja wa kawaida hawezi kuuliza hivyo. Mteja wa kawaida anauliza bei."

Nikaona hizo ni akili za kuzaliwa nazo. Malipo yake, nikasema, tutamsafisha uso bure. Nikalala usingizi mnono. Nikikumbuka usingizi ule, leo natamani kujitia kofi.

Jumamosi saa mbili nilikuwa nimeshawasha mishumaa mchana kweupe. Sebule ya baba nilikuwa nimeigawa kwa hadibodi, ikatoa mapokezi, chumba cha kubadilishia nguo na chumba cha kukandia. Hadibodi haikufika juu. Fundi alisema ikifika juu hewa itakosekana, mimi nikajua ni mbao ndizo zilizokosekana. Kwenye mlango wa chumba cha kukandia nikabandika maandishi ya dhahabu: UKIMYA. Humo ndani unasikia mtu akikohoa mapokezi na kijiko kikianguka jikoni.

Mkandaji wangu ni shangazi mwenyewe. Amekanda wachezaji wa timu ya mpira miaka ishirini na miwili, wakambandika jina la Koleo, na mpaka leo wanaume wazima wakikutana naye barabarani wanashika mapaja yao. Kwa wiki tatu nilimfundisha aseme, "Karibu upumzike." Alichokizoea yeye ni, "Umeumia wapi?"

"Shangazi, spa watu hawaji wameumia."

"Wanakuja kufanya nini?"

"Kupumzika."

"Hawana vitanda kwao?"

Juu ya meza ya mapokezi, karibu na dari, nilitundika cheti. Hicho cheti tutakirudia.

Saa tatu Mwenyekiti akafika. Hakuja na maua. Alikuja na futi kamba, akaanza kupima kuta.

"Kaka, unapima nini?"

"Wewe endelea. Mimi napima tu."

"Mteja wangu anakuja saa nne."

"Na saa sita nayo inakuja." Akavuta kamba hadi dirishani. "Mita nne na nusu! Hapa yanakaa matairi ya lori."

Saa nne ikafika, ikapita. Saa nne na dakika kumi, roho ikiwa juu, nikasikia viatu barazani.

Akaingia mwanamke wa umri wangu, amebeba mkoba wa kahawia. Uso umekaza. Akatazama dari, akatazama sakafu, akapitisha kidole juu ya meza ya mapokezi na kukikagua. Nikasema moyoni, waigizaji bwana! Huyu ameshaingia kazini tangu mlangoni.

"Habari za hapa," akasema. "Mna maji ya moto?"

Nilitaka kumbusu.

"Tunayo, mama, tele! Karibu sana!" Nikapaza sauti ili ifike kwenye futi kamba. "Ndiyo mara yako ya kwanza kufika hapa, eti? Mimi na wewe hatujawahi kuonana?"

"Hatujawahi."

"Umesikia, kaka?"

Kaka akamtazama mgeni juu mpaka chini, kama anavyotazama tairi lililoletwa na mtu asiyemjua. Nikamshika mgeni mkono, nikamvuta hadi chumba cha kubadilishia nguo, nikafunga mlango.

"Samahani," akaanza, "mimi nimekuja ku..."

"Najua ulichojia. Punguza sauti, ukuta huu haufiki juu. Umechelewa dakika kumi lakini nimekusamehe. Yule mwenye tumbo ndiye kaka yangu. Yeye ndiye wa kumridhisha, wengine wote ni wetu."

Akanitazama muda mrefu. Halafu akaweka mkoba wake juu ya kiti, polepole.

"Basi niambie nifanye nini," akasema.

Ningekuwa na akili ningesikia jinsi sauti yake ilivyokuwa ya kawaida, wala haifanani na ya mtesa wakwe. Lakini mtu mwenye shida husikia anachokitaka. Nikamweleza. Akikandwa agune kwa raha. Akisikia futi kamba inakaribia mlango, azidishe. Mwishoni atoe machozi mawili matatu, aseme hajawahi kuona huduma kama hii.

"Kwa hiyo yote ni maigizo?"

"Ndugu yangu, hapa hata maua ni ya plastiki."

Akatikisa kichwa, nikadhani ananisifu. Akachukua chupa ya mafuta kwenye rafu, akaisogeza puani.

"Haya mafuta ya waridi yanatoka wapi?"

"Jikoni." Nikacheka. "Ni ya kupikia. Nimetia matone mawili ya manukato, manne kwa wateja wakubwa."

"Na huu udongo wa volkano?"

"Volkano gani! Huo wa mfyatua matofali hapo nyuma. Lakini nimeuchekecha mara mbili."

"Taulo zimechemshwa?"

"Zimepigwa pasi. Zikishapigwa pasi, nani anajua?"

Wasomaji, nilikuwa naona fahari. Wiki sita nzima nilikuwa sina mtu wa kumwambia ujanja wangu, na ujanja usiposimuliwa unamwasha mwenyewe. Sasa nimepata mwenzangu, mtu wa fani, anayejua thamani ya uongo uliopikwa vizuri. Nikawa natiririka tu.

"Na kile cheti kule juu," akasema, "mbona kimetundikwa mbali hivyo?"

Hapo ndipo ningeuma ulimi. Sikuuma.

"Kile ni cha shangazi yangu, anayekuja kukukanda. Alisomea kazi hii miezi tisa, akiwa na timu. Nilimwambia nakipeleka kutiwa fremu. Nikachapa jina langu kwenye kijikaratasi, nikakata, nikabandika juu ya lake. Miaka kumi na tisa ya kuchapa haiendi bure."

"Yeye anajua?"

"Hasomi bila miwani, na miwani yake nimeiweka kwenye droo ya mapokezi. Anaitafuta tangu Jumatano."

Upande wa pili wa hadibodi nikasikia ndoo ikiwekwa chini. Taratibu, bila kishindo. Nikadhani ni kaka anasogeza vitu vyangu kupisha matairi. Nikampa mgeni taulo, nikamkonyeza, nikatoka.

Alilala kitandani kifudifudi. Shangazi akaingia na beseni la maji ya moto, hakunitazama. Mimi nikabaki mlangoni kusimamia mchezo wangu.

"Sema maneno, shangazi," nikamnong'oneza.

"Umeumia wapi?" shangazi akamwuliza mgeni.

"Sijaumia popote. Ni..."

"Bega la kulia." Alikuwa ameshaligusa. "Mkoba huo unaubeba upande huu siku zote. Miaka mingapi?"

Mgeni akageuza shavu kwenye taulo.

"Kumi na moja," mgeni akasema.

"Pumua."

Sijui alifanya nini. Nilisikia kitu kikilia, ko, halafu ukelele uliotoka nje ya nyumba na kurudi. Mapokezi futi kamba ikajikunja yenyewe kwa kishindo.

"Nini hicho?" kaka akauliza.

"Raha, kaka!"

Kisha yakaanza machozi. Si mawili matatu niliyoagiza. Yule mwanamke alilia kwa kwikwi, uso umezama kwenye taulo, mabega yanatikisika, na shangazi anaendelea kumkanda tu bila haraka. Nikaona anazidisha. Nikamsogelea, nikainama sikioni kwake.

"Punguza kidogo," nikanong'ona. "Kaka hataamini."

"Toka nje," shangazi akasema.

"Shangazi, namwelekeza tu..."

"Wewe mtoto, toka nje."

Tangu nizaliwe hakuwahi kunisemesha kwa sauti ile. Nikatoka, mlango ukafungwa nyuma yangu, nikabaki naangalia neno UKIMYA.

Mapokezi kaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, futi kamba imelala magotini. Anasikiliza. Tukakaa hivyo karibu saa nzima, ndugu wawili, tunamsikiliza mtu tusiyemjua akilia, halafu akihema, halafu akinyamaza kabisa.

"Unakumbuka baba?" kaka akasema. "Shangazi alipokuwa anamkanda ule mguu? Alikuwa anaguna hivyo hivyo. Sisi tunajificha nyuma ya kochi hili hapa, tunacheka."

Nilikumbuka.

"Yule mama halii uongo," akasema. Akakunja futi kamba, akaitia mfukoni, akatoa ufunguo wa geti kubwa aliokuwa akiushikilia tangu msiba. "Nilidhani utaniletea maigizo, mdogo wangu. Nakujua. Lakini huyu halii uongo. Umeshinda. Kibali je?"

"Kiko njiani," nikasema, nikaona aibu ikinipanda mpaka masikioni. Nikaimeza. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuupokea ufunguo.

"Hodi!"

Mlangoni alisimama mwanamke mnene, mchangamfu, amepaka rangi ya mdomo mpaka karibu na pua. Mkononi alikuwa na mkoba wa kahawia.

"Samahani jamani, nimekawia," akasema, kwa sauti ambayo mji mzima unaijua. "Eti, mna maji ya moto?"

Kaka aliruka kutoka kitini. Mimi nilibaki nimenyoosha mkono kama ombaomba.

"Mama Mkwe!" kaka akapiga kelele. "Ni wewe! Ni wewe mwenyewe! Wewe ndiye uliyemfungia mkweo stoo na ufunguo ukautupa chooni! Wateja wangu wote huwa wanangoja mpaka uishe ndipo niwauzie matairi!"

Mwigizaji akavimba kwa furaha. Na kwa kuwa ni mtu wa kazi, na alijua amechelewa, akaanza kazi papo hapo. Akaweka mkono kifuani, akafumba macho, chozi likamtoka.

"Jamani, spa hii! Maishani mwangu sijawahi kuhudumiwa hivi! Mwili mzima umekuwa mwepesi!"

"Mama," kaka akasema taratibu, "hujaingia bado."

Akafumbua jicho moja. Akamtazama kaka tumboni.

"Kwani wewe ndiye yule kaka mwenye tumbo?"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imeishia kwenye zulia la mapokezi. Kaka aligeuka, akanitazama, akautazama ule mlango wa UKIMYA.

"Kama huyu ndiye wako," akasema, "yule aliye ndani ni nani?"

Mlango ukafunguka wenyewe. Akatoka yule mgeni amevaa nguo zake, macho mekundu, anazungusha bega la kulia huku na huku kama anayejaribu koti jipya. Akafungua mkoba wake wa kahawia. Akatoa kitambulisho, na faili, na mhuri.

"Mimi ni mkaguzi wa afya," akasema. "Nilijaribu kusema nilipofika. Nikaambiwa nipunguze sauti."

Nilivaa miwani ya mbao. Nikajichekesha.

"Mheshimiwa, yale niliyokuambia kule ndani yalikuwa utani. Unajua sisi..."

"Mwenyekiti," shangazi akaita nyuma yake, "nishushie kile cheti."

Ndipo nikamtazama vizuri. Alikuwa amevaa miwani yake. Chumba cha kukandia kina mlango mwingine unaopitia jikoni, na jikoni ukipita unatokea mapokezi, kwenye droo. Sijui aliichukua saa ngapi. Huenda ni wakati mgeni alipokuwa anabadilisha nguo. Huenda ni mara tu baada ya kuiweka chini ile ndoo.

Kaka akapanda juu ya kiti, akashusha fremu. Shangazi akaitoa kioo, akakisogeza cheti machoni, akaanza kukwangua kwa ukucha wa kidole gumba. Nilikuwa nimetumia gundi nzuri. Akakwangua bila haraka, sisi wote tumesimama, hadi jina langu likajikunja na kudondoka kwenye zulia. Chini yake likaonekana lake, limeandikwa kwa mkono, wino wa bluu.

"Shangazi, nisamehe," nikasema. Safari hii sikuwa naigiza. Machozi yalinitoka na hayakuwa ya oda.

"Subiri," akasema. "Kuna mgeni yuko kazini."

Mkaguzi alikuwa anaandika. Aliandika ukurasa mzima, akageuza, akaandika nusu ya ukurasa wa pili.

"Mafuta yote yamwagwe," akasema. "Udongo urudishwe kwa mfyatua matofali. Taulo zichemshwe leo, hapa, nikiona. Maji ya moto mnayo, hilo nimelihakikisha." Akazungusha tena bega. "Niliingia kwa nia ya kufunga. Baada ya yale niliyoambiwa kule ndani, nilikuwa nimeshaifunga kichwani. Nikakubali kulala pale kitandani ili tu nione uovu wote mpaka mwisho."

Akaweka kalamu mezani.

"Miaka kumi na moja silalii ubavu huu. Siwezi kuandika kwamba hapa hakuna mtaalamu, maana yupo, na cheti chake ninakiona. Taulo zikishachemshwa, naweza kutoa kibali cha muda, mwezi mmoja. Ila nitakitoa kwa mwenye cheti. Jina lile la pale chini kwenye zulia sitaliandika popote."

Akasukuma fomu mezani mbele ya shangazi. Nilingoja shangazi aseme hapana, mtoto huyu ndiye aliyehangaika, mwandikeni yeye. Nilingoja kwa moyo wangu wote. Shangazi akachukua kalamu, akasoma fomu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kidole kikifuata maneno. Kisha akasaini.

Taulo zilichemshwa kwenye sufuria kubwa la nyuma ya nyumba. Nilizichemsha mimi. Mhuri ulipogongwa saa ilikuwa sita kasoro dakika nane, na kaka akakohoa, kama anavyokohoa kabla ya kila kikao.

"Masharti yalikuwa mawili," akasema. "Mteja mgeni, aingie kwa miguu yake, atoke ameridhika. Mama, umeridhika?"

"Nimeridhika," mkaguzi akasema.

"Kibali kipo. Kwa hiyo matairi hayahamii, mimi neno langu ni moja." Akatoa tena ule ufunguo wa geti. "Nilisema nyumba itakuwa spa. Sikusema spa ya nani."

Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka, wenyewe, kwa mazoea. Ufunguo ukapita mbele ya vidole vyangu na kutua kwenye kiganja cha shangazi.

Mkaguzi akaaga. Kaka akamfuata Mama Mkwe barazani, anamwomba amtukane kidogo tu kwa ile sauti, awe na cha kusimulia dukani. Nikabaki mimi na shangazi.

Alikaa kwenye kiti changu cha mapokezi, kile cha magurudumu nilichokichagua siku nzima. Akafungua droo. Akatoa bunda la karatasi nilizozichapa mwezi uliopita, kwa ajili ya wafanyakazi niliodhani nitawaajiri: FOMU YA MAOMBI YA KAZI. Akachomoa moja, akainyoosha mezani.

"Keti," akasema.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Kilikuwa bado na joto la kaka.

"Jina lako kamili, kama lilivyo kwenye vyeti vyako."

"Shangazi, jamani! Si unanijua?"

"Nilidhani nakujua."

Nikalitaja. Akaliandika, herufi moja moja.

"Kazi unayoiomba?"

"Yoyote."

Akaandika yoyote. Kidole chake kikashuka hadi swali la tatu. Hilo swali nililichapa mwenyewe, kwa herufi nyeusi nene, nikalipigia mistari miwili chini, ili watu wasio na sifa wajiondoe mapema wasinipotezee muda. Shangazi akasogeza miwani yake juu ya pua, akanitazama moja kwa moja, na akangoja mpaka nami nikamtazama.

"Una cheti?"